BIMA YA NANI? MNUNUZI HULIPA, BENKI HULINDWA

Ndugu Wafanyakazi,

Katika mkutano wetu uliopita hapa Ikonge alifika bwana mmoja, kijana nadhifu mwenye mkoba, akaomba apewe dakika kumi aseme habari za nyumba. Chama chetu hakimfungii mlango mtu mwenye habari, basi tukampa. Akatueleza kwamba mfanyakazi aweza kununua nyumba mjini kwa kutoa arubuni ndogo, yaani sehemu moja tu katika kumi ya bei, na zinazobaki akakopeshwa kwa rehani ya miaka 20. Akagawa karatasi zenye picha ya nyumba, na mbele yake mume, mke na watoto wawili wakicheka. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na habari ya bima ya kutolipa mkopo.

Mama mmoja, mwalimu, akasimama akauliza swali lililokuwa na maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. "Nikishindwa kulipa, hiyo bima italipa?" Bwana yule hakusita. "Ndiyo mama, bima italipa." Watu wakapiga makofi.

Nami nilipiga makofi. Nilipofika nyumbani nikaisoma karatasi ile mara ya pili, polepole, nikayaonea haya makofi yangu. Kwa maana jibu lile lilikuwa kweli, na papo hapo lilikuwa udanganyifu. Bima italipa, ndiyo. Lakini itamlipa nani? Itailipa benki. Yule mama hatalipiwa hata senti moja. Nyumba itapigwa mnada, naye atatoka na watoto wake na vyombo vyake, na huenda baadaye akapata barua ya kudaiwa kutoka kwa kampuni ile ile ya bima aliyoilipia kwa jasho lake.

Nimeandika maneno haya ili kuyasahihisha makofi yale.

BIMA TATU, NA MOJA SI YAKO

Mtu anunuaye nyumba kwa rehani huambiwa habari za bima nyingi, na kwa kuwa zote huitwa bima, huzifanya kuwa kitu kimoja. Tuzitenge.

Ya kwanza ni bima ya moto na maafa. Nyumba ikiungua, fedha hupatikana za kuijenga tena. Hii ina faida kwa benki na kwa mwenye nyumba pia.

Ya pili ni bima ya maisha juu ya mkopo. Mkopaji akifa, au akilemaa kabisa asiweze kufanya kazi, bima hulimaliza deni, na mjane na watoto hubaki na nyumba yao. Hii nayo ni nzuri, na mfanyakazi akiambiwa ailipie hana sababu ya kunung'unika sana, mradi bei yake iwe ya haki.

Ya tatu ndiyo hii tunayoizungumza, bima ya kutolipa. Mnunuzi hajafa wala hajalemaa. Amepunguzwa kazini, au kiwanda kimefungwa, au mtoto amekuwa hospitali miezi mitano. Ameshindwa kulipa. Benki inaiuza nyumba, na fedha za mnada hazitoshi kulimaliza deni. Pengo lililobaki ndilo bima huliziba, na fedha hizo huingia benki moja kwa moja.

Sisi wa Sacco tunalijua jambo hili kwa jina lingine. Tunaliita udhamini. Ukikopa, wenzako watatu au wanne hutia sahihi kukudhamini. Ukishindwa, makato huanza kwenye akiba zao. Lakini je, wakishalipa, deni lako limekwisha? Sivyo. Mdhamini aliyelipa hugeuka kuwa mdai. Atakufuata sokoni, atakufuata kanisani, na haki anayo. Kampuni ya bima ya kutolipa ni mdhamini wa namna hiyo hiyo. Ikiilipa benki, huchukua haki za benki za kukudai, isipokuwa sheria au mkataba umeizuia. Tofauti ni moja: mwenzako wa Sacco alikudhamini bure, kwa urafiki. Huyu wa bima ulimlipa mshahara akudhamini, halafu anakudai kama kwamba alikufanyia hisani.

TUPIGE HESABU

Maneno bila hesabu ni upepo. Tuchukue nyumba ya shilingi 3,000,000. Arubuni ni asilimia 10, yaani shilingi 300,000. Mkopo ni shilingi 2,700,000. Riba tuiweke asilimia 9 kwa mwaka, na muda miaka 20. Bila bima, malipo ya kila mwezi ni karibu shilingi 24,293.

Sasa tuongeze bima. Katika Kenya bima ya namna hii haijaenea bado, kwa hiyo tuchukue kipimo cha Canada, nchi ambayo imeitumia kwa miaka mingi. Huko, mnunuzi mwenye arubuni ya asilimia 10 hutozwa asilimia 3.1 ya mkopo. Kwa mkopo wetu hiyo ni shilingi 83,700. Mara nyingi fedha hizo hazidaiwi mkononi, huongezwa juu ya deni. Deni sasa ni shilingi 2,783,700, na malipo ya mwezi yamepanda mpaka karibu shilingi 25,046.

Tofauti ni shilingi 753 kwa mwezi. Mtu atasema ni kitu kidogo. Lakini miaka 20 mara miezi 12 ni miezi 240, na 753 mara 240 ni zaidi ya shilingi 180,000. Bima iliyoandikwa shilingi 83,700 imekugharimu zaidi ya mara mbili, kwa sababu umeikopa pamoja na nyumba na kuilipia riba miaka 20.

Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 husema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Basi ili kulipa shilingi 25,046 kwa makato, mshahara wako lazima usipungue shilingi 37,500 na kitu, na hapo bado kodi, NSSF, bima ya afya na ushuru wa nyumba. Kila mmoja atazame karatasi yake ya mshahara ajiulize kama bwana yule alikuwa akizungumza naye.

Tuendelee. Miaka minne imepita. Umelipa kila mwezi bila kukosa, jumla shilingi 1,202,000 na zaidi. Ukitia na arubuni yako, umetoa shilingi milioni moja na nusu. Ndipo kazi inakwisha. Deni lililobaki ni karibu shilingi 2,544,000, maana katika miaka ya kwanza sehemu kubwa ya malipo huliwa na riba. Nyumba inapigwa mnada. Wanunuzi wa mnada si watu wa huruma. Tuseme dalali amepata shilingi 2,300,000. Pengo ni shilingi 244,000, bila kutaja gharama za dalali na wakili.

Sasa tazama kila mtu amekaa wapi. Benki imepata fedha za mnada, imepata pengo kutoka kwa bima, na riba ya miaka minne imekwisha kuiweka mfukoni. Kampuni ya bima imelipa pengo, lakini ina ada za wanunuzi wengine wengi ambao hawakushindwa, na ina haki ya kukudai. Wewe huna nyumba, huna arubuni, huna milioni moja na laki mbili, na una mdai mpya. Aliyelipia bima ndiye peke yake asiye na bima.

BIMA HII ILIKOTOKA

Tusije tukaambiwa kwamba tunapinga kitu tusichokijua. Historia yake twaijua, na ina mazuri yake.

Marekani, wakati wa dhiki kubwa ya miaka ya 1930, watu wengi walinyang'anywa nyumba. Kabla ya hapo rehani zilikuwa za miaka michache tu, na mnunuzi alitakiwa mara nyingi atoe karibu nusu ya bei kwanza. Mwaka 1934, katika utawala wa Rais Roosevelt, serikali yao iliunda idara iitwayo FHA ya kuzikatia bima rehani. Kwa kuwa benki ilikuwa na hakika ya kulipwa, ilikubali kukopesha mpaka asilimia 80 ya bei, na kwa muda wa miaka 20. Baadaye arubuni ikapunguzwa zaidi. Wafanyakazi wengi wa viwandani walipata nyumba kwa njia hiyo. Hatukatai. Canada ikafuata kwa sheria ya mwaka 1954, na bima yao ikawekwa chini ya shirika la serikali, CMHC. Mwaka 1957 wakili mmoja wa Milwaukee, Max Karl, akaanzisha kampuni ya MGIC ya kuuza bima hiyo kwa faida, na wengine wakamfuata.

Lakini tuisome historia yote. FHA ile ile ilikuwa na kanuni zake za kuamua mtaa gani ni salama na mtaa gani ni wa hatari, na mitaa ya watu weusi ikahesabiwa kuwa ya hatari. Mfanyakazi mweusi mwenye kazi na akiba alinyimwa, na fedha zikaenda kujenga vitongoji vya wazungu. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba haikuja mpaka mwaka 1968. Funzo ni hili: anayeandika kanuni za bima ndiye anayeamua nani atakuwa na nyumba. Kwetu kanuni hizo hazitasema rangi. Zitasema, "Leta karatasi ya mshahara ya kila mwezi." Na mchuma majani chai anayelipwa kwa kilo, au mwenye kishamba cha chai anayengoja bonasi ya mwaka, au kijana wa bodaboda, watafungiwa nje pasipo mtu kutaja jina lao.

Tena, anguko la nyumba lilipotokea Marekani mwaka 2008 na baada yake, kampuni zilizouza bima hii zilitikisika. Moja yao, PMI Group, iliomba hifadhi ya kufilisika mwaka 2011. FHA yenyewe ilichota dola bilioni 1.7 kutoka hazina ya serikali mwaka 2013. Faida ilipokuwapo ilikuwa ya kampuni. Hasara ilipokuja ikawa ya mlipa kodi.

KWETU KENYA MFANYAKAZI NDIYE BIMA

Labda mtu atasema, haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, yametuhusu nini sisi wa Ikonge? Yametuhusu sana, maana kwetu mlango huu umekwisha kufunguliwa kwa upande mwingine.

Tangu mwaka 2009 kanuni za mifuko ya kustaafu humruhusu mwanachama aweke mpaka asilimia 60 ya akiba yake ya uzeeni kuwa dhamana ya rehani. Mtu asiye na arubuni huweka pensheni yake mahali pa arubuni. Akishindwa kulipa, mfuko huilipa benki kutoka katika akiba yake mwenyewe. Mwaka 2020 kanuni ikaongezwa: mwanachama aweza kuchukua asilimia 40 ya akiba hiyo, isiyozidi shilingi milioni 7, anunulie nyumba ya kukaa. Hii ya pili ina nafuu, maana fedha zako zimekuwa nyumba. Lakini ile ya kwanza itazame vizuri. Ni bima ya kutolipa, ila kampuni ya bima ni wewe mwenyewe ukiwa mzee. Siku ile ya kupoteza kazi utapoteza na nyumba, na siku ya kustaafu utakuta sehemu kubwa ya pensheni ilikwisha kwenda.

Serikali nayo imeunda kampuni ya KMRC, iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020, kuzipa benki na Sacco fedha za bei nafuu ili nazo zikopeshe wanunuzi kwa riba ya chini ya asilimia 10. Ni jambo jema. Lakini riba ndogo haijajibu swali la mama yule, kwamba nikishindwa itakuwaje. Na mpaka mwisho wa mwaka 2023 rehani zote za nyumba katika mabenki ya Kenya zilikuwa kama elfu 30 tu, na wastani wa mkopo ulipita shilingi milioni 9. Katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47, hiyo ni meza ya wakubwa wachache.

Sasa hesabu mara ambazo mfanyakazi huilipia nyumba. Tangu Machi 2024, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Hiyo ni mara ya kwanza, awe amepata nyumba au hakupata. Arubuni ni mara ya pili. Riba ni mara ya tatu. Pensheni iliyowekwa dhamana ni ya nne. Wakitia na ada ya bima itakuwa ya tano. Mwajiri naye, ambaye sheria ya mwaka 2007 humtaka atoe nyumba ya kufaa au posho ya kutosha kulipa kodi ya nyumba, mara nyingi hutoa posho isiyolipa hata chumba kimoja. Halafu tunaambiwa kwamba hatari yote ni ya benki!

WATASEMA

Najua watakavyosema. Watasema, "Bila bima benki itadai arubuni ya asilimia 20, shilingi 600,000 badala ya 300,000, na mfanyakazi huyo mnayemtetea hatapata nyumba kamwe. Ninyi wa chama mnamfungia njia mtu maskini."

Hoja hii ina uzito na nitaijibu kwa uzito. Ni kweli kwamba mtu anayeweka akiba shilingi 5,000 kwa mwezi atahitaji miaka mitano ya ziada kupata hizo 300,000 nyingine, na katika miaka hiyo mitano atalipa kodi ya nyumba ya mtu na bei ya nyumba itapanda. Arubuni ndogo ni msaada. Hatusemi bima ifukuzwe. Tunasema isiuzwe kwa jina la uongo, na bei yake isibebwe na mtu mmoja.

Fikiri. Ikiwa bima imeiondolea benki hatari, kwa nini riba haishuki? Benki ilituambia siku zote kwamba riba ni kubwa kwa sababu mfanyakazi ni mtu wa hatari. Sasa hatari imelipiwa na mfanyakazi mwenyewe. Basi ile sehemu ya riba iliyokuwa bei ya hatari irudishwe. Kumtoza mtu bei ya hatari, na kumtoza tena bei ya kuiondoa hatari ile ile, ni kuuza ng'ombe mmoja mara mbili.

Tena benki ambayo imekatiwa bima huenda isiwe na haraka ya kumsikiliza mnunuzi aliyekwama. Kwa nini ihangaike kukaa naye na kupanga malipo upya, ikiwa pengo la mnada litazibwa? Wenzetu wa nje waliliona hilo. FHA huilazimisha benki kujaribu njia nyingine kabla ya kuuza nyumba. CMHC huruhusu malipo kuahirishwa au muda kurefushwa. Na Marekani, kwa sheria ya mwaka 1998, mnunuzi aliyekatiwa bima na kampuni ya watu binafsi aweza kuomba bima ikome deni likishuka mpaka asilimia 80 ya bei ya nyumba, na likifika asilimia 78 kwa ratiba ya malipo hukoma lenyewe. Kama jambo hili liliwezekana katika nchi ya mabepari wakubwa kabisa, kwa nini lisiwezekane kwetu?

TUNATAKA NINI

Kwa kuwa bima hii haijaota mizizi kwetu, huu ndio wakati wa kusema. Mti hunyooshwa ungali mche. Tawi letu linaomba wakubwa wa chama wayapeleke haya kwa shirikisho, kwa wenye mamlaka ya bima na kwa Bunge:

Kwanza, bima hii iitwe kwa jina lake, Bima ya Kumlinda Mkopeshaji, na maana yake iandikwe kwa Kiswahili katika ukurasa wa kwanza wa mkataba, kwa herufi kubwa kama za bei.

Pili, kampuni iliyoilipa benki isimgeukie mfanyakazi aliyeshindwa kwa ugonjwa au kwa kupunguzwa kazini. Amekwisha lipa ada, na amekwisha poteza nyumba. Yatosha.

Tatu, ada ikome deni linapofika asilimia 80 ya bei, na pasiwe na ada ya kuongezwa juu ya deni ili izae riba miaka 20.

Nne, benki itoe sehemu ya ada, na riba ishuke kwa kadiri ya hatari iliyoondolewa.

Tano, mfanyakazi aliyepunguzwa kazini apewe miezi sita bila mnada. Sheria humpa malipo ya siku 15 tu kwa kila mwaka aliotumika. Aliyefanya kazi miaka minne hupata mshahara wa siku 60. Kwa fedha hizo atakula, au atalipa rehani?

Sita, wanaolipwa kwa kilo na kwa msimu wahesabiwe kwa mapato yao ya mwaka mzima. Majani chai yanayopimwa hapa kwetu kila wiki yana kumbukumbu zake, kilo kwa kilo. Hiyo nayo ni karatasi ya mshahara.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Wakati tunangoja wakubwa wasikie, tujilinde. Ukipewa mkataba, usitie sahihi siku ile ile. Uliza kila bima iliyotajwa, moja moja: fedha zake zinamlipa nani? Uliza: baada ya bima kulipa, nitadaiwa na nani? Jibu la mdomo halitoshi, mwambie aliandike. Tukimwona tena yule bwana mwenye mkoba, tumwombe aandike jibu lake kwa yule mama, tuone kama kalamu yake ina ujasiri kama ulimi wake.

Uzijue na haki zako. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ukikaa mwezi mmoja bila kulipa benki lazima ikupe ilani, na ilani hiyo ikupe muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa. Baada ya hapo lazima ikupe ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye akupe siku 45. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyopungua robo nzima au zaidi chini ya bei ya soko, sheria huchukulia kwamba benki haikufanya wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Na nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mume na mke wote wawili. Mama, usitie sahihi usichosomewa. Baba, usimfiche mkeo karatasi.

Ukikwama, usijifiche. Barua ya kwanza ya benki ilete kwa chama siku ile ile. Wengi wamepoteza nyumba kwa sababu ya haya kuliko kwa sababu ya deni.

Ndugu zangu, wazee wetu wa Gusii walikuwa na risaga. Majirani walikutana leo wakalima kwa mmoja, kesho kwa mwingine, na aliyeugua shamba lake halikubaki pori. Hiyo ilikuwa bima. Kila mtu alitoa, na aliyeanguka ndiye aliyeinuliwa. Hii tunayoletewa katika mkoba inataka kila mtu atoe, ila anayeinuliwa ni yule ambaye hakuanguka. Tusipige makofi tena kabla ya kuuliza swali la pili. Swali la kwanza aliliuliza mama yule vizuri, na tunamshukuru. La pili ni letu sote: itamlipa nani?

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi,
Ikonge